Saa Tunayoamkia Kigoma

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, Ujiji

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, viongozi wetu wa dini mliokaa hapa mbele, na ninyi vijana mliojazana pale nyuma hadi mlangoni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki nyingine naomba tuihesabu kuwa imezingatiwa, maana nimekuja na jambo moja tu, saa ambayo watoto wetu wanaamkia kwenda shule, na ningependa tulifikie kabla hamjachoka.

Nimefundisha jiografia katika mkoa huu kwa miaka mingi, na kila mwaka kuna swali linalorudi ubaoni. Ikiwa Greenwich, kule London kwenye longitudo sifuri, ni saa sita mchana, mji ulioko longitudo 75 Mashariki ni saa ngapi? Watoto wanalimudu. Wanagawa kwa 15, wanapata tano, wanajumlisha, wanaandika saa kumi na moja jioni, mwalimu anaweka tiki. Lakini sijaona kitabu kinachomwambia mtoto wa Kigoma aifanye hesabu hiyo kwa Kigoma yake. Leo tuifanye wote, wazazi na watoto, kwa sauti.

Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24. Kila digrii moja, basi, ni dakika nne. Dar es Salaam iko digrii 39.28 Mashariki. Zidisha kwa nne: dakika 157, yaani saa 2 na dakika 37 mbele ya Greenwich. Tabora iko 32.8: saa 2 na dakika 11. Sisi hapa tuko 29.63. Zidisha kwa nne upate dakika 118 na nusu. Kwa jua lake, Kigoma iko mbele ya Greenwich kwa saa mbili kasoro dakika moja na nusu.

Sasa toeni simu zenu, wenye simu. Saa iliyoandikwa hapo iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu kamili. Tofauti kati ya saa hiyo na jua linalotuwakia hapa nje ni saa nzima na dakika moja na ushee. Jua linapokuwa utosini Ujiji, kivuli kikiwa miguuni, simu inasema kwa wastani ni saa 7:01 mchana. Kwa mwaka mzima inasogea kidogo huku na huku, kama robo saa, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama na mwendo wake kulizunguka jua hauko sawa kila mwezi. Novemba jua linafika utosini mapema kidogo, karibu saa 6:45. Februari linachelewa hadi saa 7:15.

Saa tatu mbele ya Greenwich ni saa ya longitudo 45. Itafuteni kwenye ramani mkifika nyumbani. Haigusi ardhi ya Tanzania hata kidogo. Hata pembe ya Mtwara, mashariki kabisa, inaishia digrii 40 na kidogo. Longitudo 45 inapita Somalia, karibu na Mogadishu. Longitudo 30 ndiyo inayopita kwetu, hapa nyuma, kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Hiyo ndiyo longitudo ya saa mbili kamili.

Basi nani aliamua kwamba mtoto wa Ujiji aamke kwa jua la Mogadishu? Hilo nitalieleza kwa kirefu, halafu niwaombe kitu.

Wazee wetu walikuwa na saa, na walihesabu kutoka jua linapochomoza. Jua likipanda kidogo ni saa moja, likifika utosini ni saa sita, likizama ni saa kumi na mbili, na usiku unaanza hesabu yake. Wahabeshi nao wanahesabu hivyo hivyo hadi leo. Hesabu hii inakubali vizuri sana karibu na ikweta, kwa sababu mchana wetu unakaribia saa kumi na mbili mwaka mzima. Na kila mji ulikuwa na jua lake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka hapa Ujiji ilitembea kwa miezi. Hakuna mpagazi aliyefika hapa akalalamika kwamba jua la Ujiji limechelewa dakika 37 nyuma ya jua la pwani. Hata tarehe zilikuwa shida. Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, yeye aliandika tarehe 10 Novemba, wakati shajara ya Livingstone ilikuwa bado iko Oktoba. Wageni wawili wamekutana, mmoja yuko mwezi huu na mwenzake mwezi mwingine, na maisha ya Ujiji yakaendelea kama kawaida.

Kilichokuja kuzivunja saa za miji ni reli. Treni inayotoka mji mmoja kwenda mwingine haiwezi kuendeshwa na saa mbili. Kwenye njia moja ya reli, dakika kumi za kutoelewana zinaweza kukutanisha treni mbili uso kwa uso. Waingereza walianza kuzifunga stesheni zao kwa saa ya Greenwich katika miaka ya 1840, na sheria ikaifanya kuwa saa ya nchi nzima mwaka 1880. Marekani na Kanada, makampuni ya reli yaligawa bara lile kanda za saa tarehe 18 Novemba 1883. Mwaka uliofuata, Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wakapiga kura Greenwich iwe longitudo sifuri ya dunia. Nchi 22 zilikubali, moja ikakataa, mbili hazikupiga kura. Kutoka bara letu zima alikuwapo mjumbe wa nchi moja tu, Liberia. Na mwezi uliofuata, Novemba 1884, ndipo ulipofunguliwa ule mkutano wa Berlin wa kuligawa bara lenyewe. Mimi nikifundisha miaka ile siitenganishi mikutano hii miwili. Mmoja uliweka mstari wa kupimia saa, wa pili ulihusu nani atawale ardhi ambayo saa hizo zitakuja kutumika.

Sasa sikilizeni habari ya Mjerumani mmoja, kwa sababu ndiyo ninayotaka kuisimamia leo. Mwezi Machi 1891, jemadari mzee Helmuth von Moltke alisimama katika bunge la Ujerumani. Wakati ule nchi yake ilikuwa na saa tano za reli: ya Berlin, ya Munich, ya Stuttgart, ya Karlsruhe, ya Ludwigshafen. Moltke alitaka moja, kwa sababu ya reli na kwa sababu ya kusafirisha jeshi. Wapinzani wakamuuliza: na wale walioko mbali, ambao jua lao halitalingana na saa hiyo? Akawajibu kwamba mwenye kiwanda akitaka watu wake waanze kazi jua likichomoza, anaweza kubadilisha saa ya kufungua lango lake. Hahitaji kubadilisha saa ya nchi. Ujerumani ilianza kutumia saa moja tarehe 1 Aprili 1893.

Naomba mlishike hilo la lango.

Wajerumani hao hao ndio waliojenga reli ya kati. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mapema 1914 vichwa vya treni vikapiga honi hapa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Mwaka uliofuata, bandarini pale chini, ilishushwa majini meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, ambayo ninyi mnaijua kwa jina la Liemba. Tangu hapo Kigoma haikuwa tena mji wenye jua lake peke yake. Ilikuwa kituo cha mwisho cha ratiba iliyoandikwa pwani.

Vita Kuu ikaisha, Rwanda na Burundi, zilizokuwa sehemu ya koloni moja na sisi, zikachukuliwa na Wabelgiji, na Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Kuanzia hapo historia ya saa yetu ina hatua ambazo zimeandikwa mahali ambapo wengi hamkutarajia. Kuna hifadhidata ya saa za dunia ambayo kompyuta nyingi na karibu kila simu hutumia kujua saa ya kila nchi, ya sasa na ya zamani. Kwa miaka mingi hifadhidata hiyo ilikuwa na mistari ya Dar es Salaam inayojitegemea, na inasomeka hivi: hadi mwaka 1931, saa ya jua la Dar es Salaam, yaani saa 2, dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich. Kuanzia 1931, saa 3. Kuanzia 1948, saa 2 na dakika 45. Kuanzia 1961, saa 3 tena, na hapo ndipo tulipo.

Ziangalieni hizo namba. Saa 2 na dakika 45! Vijana wananitazama kama nimekosea. Nchi hii iliishi na saa yenye robo. Leo ukitafuta nchi yenye saa ya namna hiyo utaikuta Nepal, ambayo iko mbele ya Greenwich kwa saa 5 na dakika 45. Kwetu ilikuwa jambo la Afrika Mashariki nzima. Kenya ndiyo iliyohangaika zaidi: mwaka 1908 ilijiwekea saa 2 na nusu, katikati ya 1928 ikapanda hadi saa 3, Januari 1930 ikarudi saa 2 na nusu, mwanzoni mwa 1937 ikaenda saa 2 na dakika 45, Agosti 1942, katikati ya vita, ikarudi saa 3. Hesabuni: kwa kipindi cha miaka 14 tu watu wa Nairobi walibadilishiwa saa mara nne. Ile robo ilikuwa ni kama wauza na wanunuzi waliovutana bei mpaka wakakutana katikati ya saa 2 na nusu na saa 3.

Uganda nayo, kwa kumbukumbu hizo hizo, ilienda saa 2 na dakika 45 mwaka 1948, mwaka ule ule na sisi. Na mwaka 1948 si mwaka wa kupita hivi hivi katika historia yetu. Ndipo ilipoanza Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki iliyoziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika katika huduma za pamoja, na ndipo reli za Tanganyika zilipounganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari. Posta moja, reli moja, forodha moja. Mimi ninavyoiona, saa ilifuata reli hapa kama ilivyofuata reli Uingereza na Ujerumani, ingawa kwa kumbukumbu hizo Kenya yenyewe ilikuwa tayari saa 3. Halafu 1957 Uganda ikaenda saa 3, na 1961, mwaka wa uhuru wetu, Tanganyika nayo ikasogeza mshale robo saa.

Kwa mtu wa Dar es Salaam robo ile haikuwa kitu kikubwa. Ilimpeleka kutoka dakika 8 mbele ya jua lake hadi dakika 23. Tabora ilitoka dakika 34 hadi 49. Kigoma tulitoka dakika 46 na nusu tukafika saa nzima na ushee. Katika mji wa mwisho wa reli robo hiyo iliongezwa juu ya mzigo uliokuwapo tayari.

Kuna jambo dogo hapa linaniuma na lazima niliseme. Ile mistari ya Dar es Salaam siku hizi haimo tena katika sehemu kuu ya hifadhidata. Kwa kuwa Tanzania na Kenya zimekuwa na saa moja tangu 1970, waliounganisha waliona inatosha Dar es Salaam ielekezwe kwenye historia ya Nairobi, na mistari yetu ikahamishiwa kwenye faili la akiba. Kwa hiyo ukiiuliza simu yako leo Tanganyika ilikuwa na saa gani mwaka 1950, itakujibu kwa habari za Kenya. Wenzetu wa Kenya walipata historia yao kwa usahihi kwa sababu matangazo yalifuatiliwa katika gazeti la serikali la wakati huo, tangazo kwa tangazo, hadi siku na mwezi. Ya kwetu imebaki miaka mitupu. Vijana mnaokwenda chuo kikuu kusoma historia, au kompyuta, hii kazi ipo inawangoja. Magazeti ya serikali ya Tanganyika yapo kwenye nyaraka. Mtu wa Kigoma akiifanya kazi hiyo nitafurahi kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuondoke kwenye nyaraka, twende ziwani.

Upande wa pili wa ziwa, Kalemie na Uvira, ni saa mbili mbele ya Greenwich. Bujumbura ni saa mbili. Ukivuka Manyovu kuingia Burundi, unarudisha saa nyuma, na simu nyingine zinajirudisha zenyewe zikishika mnara wa ng'ambo ukiwa bado huku, mpaka watu wanachelewa gari. Wengi wenu mna ndugu kule, mnajua kuulizana "saa zenu au saa zetu?" kabla ya kupanga hata msiba. Lakini hilo linaeleweka, mnasema, maana wale wako magharibi. Sawa. Basi twendeni Mpulungu, Zambia. Miaka yote Liemba ilipokuwa ikiteremka kusini, abiria wakifika Mpulungu walirudisha saa nyuma. Mpulungu iko longitudo 31 na kidogo. Iko mashariki ya Kigoma! Msafiri ameelekea upande wa jua linakotokea, halafu anaambiwa arudishe saa. Kigali nayo iko mashariki yetu kidogo, na inatumia saa mbili. Lilongwe iko mashariki ya Tabora, saa mbili. Na ng'ambo ya mto Ruvuma, Wamakonde wa Msumbiji wanaoliona jua lile lile na Wamakonde wa Mtwara, nao wako saa mbili.

Maana yake ni nini? Kwamba mpaka wa saa katika sehemu hii ya Afrika hauufuati mwendo wa jua. Umefuata serikali, reli na nani alikuwa ameunganishwa na nani. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki leo ina wanachama wanane na saa tatu tofauti: Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia ziko saa tatu; Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ziko saa mbili; na Kongo ina saa mbili upande wa mashariki na saa moja upande wa Kinshasa.

Na maamuzi ya namna hii yanaweza kurudiwa. Liberia, ile nchi pekee ya Afrika iliyokuwa Washington, iliendelea na saa yake iliyokuwa nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na nusu hadi Januari 1972. Sudan ilijisogeza kwenda saa tatu mwaka 2000, ikaishi hivyo miaka 17, ikarudi saa mbili Novemba 2017. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma tarehe 1 Februari 2021. Juba iko longitudo 31 na nusu. Wameichagua saa inayokaribiana na jua lao.

Je, ninasema Tanzania ifanye vile? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana. Tukirudi saa mbili, Mwezi wa Saba Dar es Salaam jua litazama saa 11:20 jioni, watu wako kazini bado. Biashara yetu kubwa na Nairobi na Kampala itaparaganyika. Kuigawa nchi saa mbili tofauti, Kigoma na Kagera zao, pwani zao, kama Kongo, nako kuna gharama yake: benki, ratiba za mabasi, reli ya kisasa inayojengwa kuja huku, mitihani ya taifa ambayo lazima ifunguliwe dakika moja nchi nzima ili isivuje. Nchi moja yenye saa moja ni kitu chema, na mimi ni mtu wa kuipenda nchi hii ikiwa nzima. Tunachotakiwa kugusa ni lango.

Tazameni mwezi wa Ramadhani. Redio ya Dar es Salaam inaadhini magharibi, na huku Ujiji jua bado lina kimo juu ya milima ya Kongo. Mtoto aliyefunga mara ya kwanza ananyoosha mkono kwenye tende, bibi anamshika: bado, hiyo ni ya Dar. Anangoja. Kutegemea msimu atangoja kama dakika 35 hadi 42 zaidi. Hakuna shehe katika mji huu aliyewahi kusema tufuturu kwa jua la Dar es Salaam kwa kuwa redio imeadhini. Misikiti yetu ina ratiba yake, na adhuhuri yetu inaingia baada ya saa saba kwa sehemu kubwa ya mwaka. Dini imelitatua jambo hili zamani na kwa utulivu: saa ya ukutani ni ya taifa, wakati wa ibada ni wa jua la hapa. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga nao hivyo hivyo. Wanatoka kwa giza la mwezi, wanarudi kwa mwanga wa alfajiri.

Anayebaki akiamshwa na jua la mbali ni mtoto wa shule.

Chukueni wiki ya kwanza shule zinapofunguliwa Mwezi wa Saba. Siku hizo jua linachomoza Dar es Salaam karibu saa 12:36 asubuhi. Kigoma linachomoza karibu saa 1:11. Mwanga wa kumwezesha mtu kuona njia unaanza huku karibu saa 12:50. Sasa mtoto anayetakiwa awe shuleni saa moja kamili, afagie, amwagilie maua, aingie mstarini, na nyumbani kwao ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, anatoka saa ngapi? Saa kumi na mbili. Kwa hesabu ya wazee wetu saa kumi na mbili asubuhi ndiyo mwisho wa usiku. Huku kwetu ni usiku kabisa. Jua lina zaidi ya saa nzima kabla ya kuonekana. Mtoto huyo, na mara nyingi ni binti, anatembea dakika 50 gizani, anapita mashamba ya michikichi, anavuka barabara ambayo mabasi ya alfajiri yanaifukuzia, na anafika getini kabla jua halijachomoza. Mwenzake wa Dar es Salaam, kwa agizo lile lile na saa ile ile, dakika 24 za mwisho anatembea kwenye jua.

Februari ni karibu vile vile, jua linachomoza saa 1:07. Novemba tunapata nafuu, saa 12:36. Kwa hiyo sisemi kila siku ya mwaka ni giza. Nasema miezi ambayo ni giza tunaijua, inahesabika, na inajirudia kila mwaka bila kubadilika.

Nimekaa zamu getini miaka mingi. Nimewaona wanaofika wamelowa umande hadi magotini, na nimewaona waliochelewa dakika kumi wakisimamishwa pembeni kungoja adhabu. Shule ninaziheshimu na sitaji hata moja. Walimu wa zamu wanatekeleza ratiba waliyopewa. Lakini ratiba ile, mwenye kuiandika aliipima kwa dirisha la ofisi ambamo mwanga unaingia mapema kuliko kwetu.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo na lina mipaka. Halihusu saa ya nchi, halihusu mitihani ya taifa, halipunguzi hata kipindi kimoja. Tunaomba kwamba kwa shule za kutwa za mkoa wetu, katika miezi ambayo jua linachomoza baada ya saa moja, saa ya kufika shuleni isogezwe kwa dakika 40, na saa ya kutoka isogezwe vivyo hivyo. Jioni tunazo hizo dakika. Jua linazama huku baada ya saa moja usiku Mwezi wa Saba, na Februari hadi saa 1:24. Mtoto akitoka saa 10:10 badala ya saa 9:30 atafika nyumbani kungali na jua la kuanikia nguo. Hatumnyang'anyi mtu kitu. Tunauchukua mwanga uliolala upande wa jioni, tunauhamishia asubuhi wanakopita watoto.

Najua watakaotuuliza: na Tabora? Na Katavi, Rukwa, Kagera? Tabora jua lao lipo mbele ya letu kwa dakika 13 tu. Wakitaka waungane nasi, karibuni sana. Hesabu yao ni ile ile, wabadilishe longitudo.

Na ninyi vijana, kabla hatujakwenda kwa wakubwa na barua, nawapeni kazi. Kesho kutwa Jumamosi tutasimamisha fimbo iliyonyooka katikati ya uwanja wa shule, wima kabisa, tuihakikishe kwa timazi la fundi. Kuanzia saa 6:30 mtaweka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano hadi saa 7:30. Alama iliyo karibu kuliko zote na fimbo ndiyo adhuhuri ya Kigoma. Iandikeni saa yake, tarehe na majina ya walioshuhudia. Rudieni kila wiki kwa muhula mzima. Wengine mtakaoamka mapema mtaandika saa mnayoanza kuona mistari ya kiganja chenu bila taa, na saa jua linapotokea. Nataka barua yetu ikifika mezani kwa afisa elimu iwe na vipimo vya watoto wenyewe, vilivyopimwa kwenye ardhi ya Kigoma, na atakayebisha aje na fimbo yake.

Wazazi, barua imeshaandikwa, ina kurasa mbili. Iko kwa mwalimu wa zamu pale mlangoni pamoja na karatasi za kusaini. Isomeni kwanza. Penye kurekebisha tusahihishe leo leo, kwa sababu mwenyekiti ameahidi kuipeleka Jumatatu. Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na akina mama. Asanteni kwa kunisikiliza.